Ukisikia Ngurumo, Shuka

Hombo, tarehe 3 Februari 2008

Kwako Papa mudogo Athanase, pamoja na Mama Nyiramana,

Nawasalimia kutoka huku bondeni, fasi jua linaamka mbele yetu na kulala nyuma yetu. Sisi tuko wazima. Marcellin, mukwe wenu, bado anafundisha darasa la tano. Watoto wanakua, mukubwa ameanza kusoma gazeti la parokia kwa sauti ya padri mpaka tunashindwa kula. Barua hii inabebwa na lori ya Mama Kahambu, yule mama wa Butembo mwenye duka hapa Hombo. Inashuka mpaka Bukavu, inapanda boti ya Goma, kisha itatafuta pikipiki ya kupanda Masisi. Ikikufikia na alama ya mafuta ya mawese, usishangae. Dereva anaweka barua chini ya kiti pamoja na chakula chake.

Sasa maneno yenyewe. Papa, nimekuwa kapita, musimamizi wa kikundi chetu.

Unajua tangu mwaka jana niko mu kazi ya barabara hii inayotoka Hombo kwenda Walikale. Shirika moja linaifungua upya, juu pori lilikuwa limeimeza. Kikundi chetu kiko na watu ishirini na sita, wanaume kumi na tisa na wanawake saba. Tunafyeka, tunachimba mifereji, tunajaza mashimo kwa mawe. Kapita wetu wa kwanza alihama kwa sababu ya vita, na injeniere Stéphane, muntu wa Bukavu, akatuuliza: "Munataka nani?" Kisha Nestor, mwanaume mwenye mabega kama mulango wa kanisa, akasema: "Emérita. Yeye anahesabu watu mbele ya kuhesabu mawe." Basi ikawa hivyo. Filimbi iko shingoni mwangu ninapokuandikia.

Lakini nimeipokea kazi wakati mugumu. Wenyeji wanasema zamani barabara hii ilipita chini ya miti kama muntu anayepita ndani ya nyumba. Sasa miti ya kandokando imekatwa, na majuma ya jua yaliyokuwa manne yamefika nane. Mwezi uliopita dada mumoja wa kikundi, Consolée, alianguka na jembe mukononi. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu, hana jasho hata tone, anazungumuza na mama yake aliyekufa zamani. Tukamubeba mpaka kivulini, tukamumwangia maji, tukamupepea na majani ya ndizi mpaka akili ikarudi.

Siku yangu ya kwanza ya ukapita nikabadilisha saa. Tunaanza saa kumi na moja na nusu, tunaacha saa ine na nusu, tunarudi saa tisa. Kila saa moja kila muntu anakunywa maji yenye chumvi na sukari kidogo. Injeniere alikunja uso. Mwisho wa juma akapima kazi, akapima tena akifikiri kamba imemudanganya: tulikuwa tumepita kikundi cha upande wa Walikale, ambacho ni wanaume watupu.

Niambie kama nimefanya vizuri. Wewe umekuwa kapita wa wachungaji wa ng'ombe miaka makumi mbili, mimi siku kumi na ine. Musalimie sana Nzabandora, mwenzako wa malisho. Umwambie nangojea mustari wake chini ya barua yako.

Ni mimi, mutoto wa kaka yako uliyemulea,
Emérita


Nyamitaba, tarehe 22 Machi 2008

Emérita binti yangu,

Barua yako ilifika na mafuta, lakini maneno yalisomeka. Mama Nyiramana alinisomesha mara tatu, mara ya tatu mbele ya majirani. Akanikataza kuharakisha pale pa kapita.

Huku tuko. Askari wa barrière, kile kizuizi cha barabara ya chini, wamebadilika tena, lakini maswali yao ni yale yale. Maharagwe yalioza shambani, kwa sababu mvua ilikuja mwezi wa kwanza, wakati ambapo hatukuialika. Ng'ombe wako wazima. Patroni, mwenye ng'ombe, anakaa Goma, anatuma salamu kwa ng'ombe kila juma na kwa sisi kila Noeli.

Umeniuliza, nami nitakujibu kama baba. Baba yako na mimi tulichunga mu jua, mu mvua na mu baridi ya kule juu inayovunja meno. Hatukuuliza saa. Mvua haijakula muchungaji hata mumoja wa Nyamitaba. Kapita anayekimbia jua leo, kesho watu wake watakimbia umande. Sikugombezi. Hakuna muntu wa ukoo wetu, mwanaume ao mwanamuke, aliyesimama mbele ya watu ishirini na sita akiwa na filimbi, na mimi kifua changu kimejaa. Nasema tu kwamba kazi inapenda muntu mugumu.

Sasa Nzabandora ananinyanganya kalamu.

Athanase, baba yako mudogo

Kapita! Usimusikilize huyu. Jua likiwa kali anavaa kofia mbili, moja juu ya ingine, na anasema ni juu ya heshima. Niliona mimi mwenyewe, Nzabandora.


Hombo, tarehe 11 Mei 2008

Papa mudogo mupendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Kofia mbili zimezunguka Hombo yote. Hata Mama Kahambu, ambaye hacheki bure, alicheka mu duka lake akiwa anapima chumvi. Marcellin alikuwa na malaria, amepona. Hatuna habari nzuri ya njia: lori inapita leo, kesho watu wenye bunduki wanaifunga. Sijui barua hii itakufikia lini.

Papa, mvua za mwaka huu si zile tulizozaliwa nazo. Zamani huku ilinyesha jioni, polepole, muntu anajua saa ya kuanua nguo. Sasa anga iko safi, na mbele ya kuhesabu mia moja imekuwa nyeusi, na radi zinashuka moja nyuma ya ingine kama watu wanaotwanga. Tarehe mbili ya mwezi huu mvua ilitukuta juu ya kilima cha kilometa kumi na saba, fasi tumefyeka miti yote na tumebaki sisi peke yetu warefu. Radi ikapiga mutalimbo uliokuwa umesimamishwa ndani ya mawe. Chuma kile kiliruka, Papa, kikalala mbali kama kijiti. Consolée alikuwa karibu. Mukono wake wa kuume ulishikwa na ganzi siku mbili, na kitambaa chake kilinusa moto. Wengine tulijikuta chini, hatukujua nani alituangusha.

Hakuna aliyekufa. Lakini jioni maneno yakaanza. Consolée na Nestor walikuwa wamegombana juu ya jembe siku tatu mbele ya hapo, na watu wakasema: Nestor njo aliyetuma radi. Asubui nikakuta kikundi kimegawanyika. Yeye amekaa peke yake juu ya jiwe, mabega yake makubwa yameshuka. Nikasimama kando yake. Nikasema: "Radi inapiga kitu kirefu na chuma. Jana, kwenye kile kilima, kitu kirefu na chuma ni sisi. Nani alitupandisha? Mimi. Mukitaka mulozi, munikamate mimi." Consolée mwenyewe, mukono ukiwa bado na ganzi, akaenda kukaa kando ya Nestor. Ikaisha.

Nikaenda kwa mama infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, nikamuuliza. Marcellin akatafuta mu kitabu chake cha shule. Tukapatanisha maneno yao, nikaweka sheria moja: ukisikia ngurumo, weka chuma chini, shuka kilima, toka mbali na miti. Filimbi moja ndefu, hakuna anayebishana.

Injeniere Stéphane hafurahi. Anasema mvua inatuibia siku. Najua utasema nimelainika. Lakini wewe hukuona ule mutalimbo ukiruka.

Nzabandora aandike mistari miwili safari hii.

Binti yako,
Emérita


Nyamitaba, tarehe 30 Julai 2008

Emérita,

Tuko. Mama Nyiramana anakusalimia, anasalimia mukwe wetu na wajukuu. Jirani zetu wawili wamekimbilia Kitchanga, sisi tumebaki na ng'ombe. Barua yako ya mwezi wa tano ilikaa muda murefu njiani, kule Sake, ikafika hapa mwezi wa sita mwishoni.

Juu ya radi, ulifanya vizuri. Usiache hata siku moja.

Athanase


Hombo, tarehe 24 Agosti 2008

Papa mudogo,

Salamu. Watoto wako mu vakanse ya shule, wanakamata samaki wadogo mu muto Luhoho na kurudi wamelowa. Marcellin anapaka chokaa darasa lake mwenyewe. Barabara imefika kilometa ishirini na mbili, kazi inaendelea.

Barua yako niliisoma nimesimama, juu ilikuwa fupi hivyo, kisha nikakaa na kuisoma tena. Papa, mara ya kwanza tangu ulinifundisha kuandika, umeniambia "ulifanya vizuri" bila kunigombeza nyuma yake. Hukunitolea mufano wa baba yangu. Hukuniambia kazi inapenda nini. Na chini ya jina lako kulikuwa karatasi nyeupe. Nzabandora hawezi kuona karatasi nyeupe akaiacha.

Yuko mugonjwa? Alikimbia na wale wa Kitchanga? Mulikosana?

Usinifiche.

Emérita


Nyamitaba, tarehe 2 Oktoba 2008

Binti yangu Emérita,

Nakusalimia kwa moyo wote, na Mama Nyiramana anakusalimia. Ameniwekea meza karibu na dirisha, akaniambia: "Leo andika yote, ama usile."

Naanza na wewe. Unaniambia nisikufiche, na wewe umenificha. Dereva wa Mama Kahambu alivuka na boti safari moja, akakutana Sake na motari wetu, yule Archange anayeleta barua hapa kwa pikipiki. Akamwambia kapita wa Hombo sasa ni mwanaume, na Emérita anabeba mawe pamoja na wengine. Wewe ukaniandikia "kazi inaendelea." Kweli kazi inaendelea, lakini filimbi iko shingoni mwa nani? Nikakasirika siku nzima. Jioni nikaona sina haki ya kukasirika, juu mimi nilificha kikubwa zaidi.

Nzabandora alikufa, tarehe kumi na saba ya mwezi wa sita.

Mwezi wa sita, Emérita. Unajua huku kwetu mwezi wa sita ni wa vumbi na majani makavu. Siku ile saa saba mchana wingu likatoka nyuma ya kilima likiwa na rangi ya chuma. Tulikuwa kwenye nyumba ya maziwa, ile ya matofali chini ya malisho. Ng'ombe walikuwa juu, kwenye uzio wa waya na mikaratusi. Nzabandora akasema: "Athanase, wingu hili silijui. Tuwaache, watashuka wenyewe ikipita." Nikamujibu: "Toka lini muchungaji anaogopa maji? Wakitawanyika wataingia mu mashamba ya watu. Panda, simama nao chini ya miti." Akanitazama. Akasema: "Wewe njo kapita." Akachukua fimbo, akapanda.

Mulio ulikuwa mumoja tu. Sikusikia kitu kingine kwa muda, hata mvua.

Nilimukuta chini ya mukaratusi. Ng'ombe sita walilala kandokando ya waya, wamepangana kama waliambiwa wapangane. Yeye hakuwa na kidonda. Nilimwita kwa jina, kisha kwa yale matusi yetu ya malisho yaliyomukasirisha, ambayo hakuwahi kuyanyamazia hata mara moja. Akanyamaza.

Tulimuzika kesho yake. Siku ya tatu nyuma ya kumuzika, Archange akanipa barua yako. Ilikuwa na ile sheria yako. Weka chuma chini, shuka kilima, toka mbali na miti. Majuma yote yale ilikuwa Sake chini ya kiti cha muntu, na mimi nilikuwa huku nikimutuma Nzabandora chini ya mukaratusi. Nikaificha barua ndani ya shati, sikuweza kuisomea muntu.

Patroni akapanda kutoka Goma. Alisimama pale juu, akauliza: "Ng'ombe wangapi?"

Siku ya kuondoa kilio, watu wakaanza kunong'ona. Wakatafuta nani alituma radi, na macho yao yakaenda kwa muzee mumoja maskini wa ng'ambo ya muto. Nikakumbuka Nestor wako na jiwe lake. Nikasimama mbele ya watu wote, nikasema: "Hakuna mulozi. Niliyemupandisha Nzabandora ni mimi, Athanase." Nikangojea wanipige. Hakuna aliyenigusa. Mujane wake, Umugwaneza, alikuwa amekaa kwenye mukeka. Akasema polepole: "Ulimupandisha, ndiyo. Na hawa wachungaji kumi na mmoja waliobaki, mvua ikirudi utawatuma wapi?"

Tangu siku ile ninalitafuta jibu. Naliomba kwako. Uniandikie yote unayofanya, neno kwa neno, sawa unavyomwandikia muntu asiyejua kitu. Nitawasomea. Na uniambie walikuondoa juu ya nini.

Baba yako,
Athanase


Hombo, tarehe 5 Novemba 2008

Papa,

Nawasalimia wewe na Mama Nyiramana, na dada yetu Umugwaneza ambaye najua utamufikishia. Barua yako niliisoma kando ya barabara. Nilipofika kwenye jina lake, nililia kwa sauti, na kikundi chote kikaacha kazi. Nestor akauliza nani amekufa. Nikawaambia ni yule wa kofia mbili. Walimujua wote. Consolée akaanzisha wimbo wa kanisa, tukaimba tukiwa tumeshika majembe.

Radio inasema vita imefika karibu na Goma. Boti imesimama. Barua hii nampa Mama Kahambu mwenyewe mukononi. Amesema itapita hata kama itachukua mwezi.

Nakujibu swali lako kwanza, juu yangu. Tarehe nane Julai wageni wa shirika walikuwa wanakuja kuona daraja la miti la kilometa ya ishirini. Ilibaki kupigilia mbao za mwisho. Saa nane nikasikia ngurumo, mbali. Nikapiga filimbi. Watu wakaweka nyundo chini, wakashuka. Injeniere Stéphane akanikimbilia: "Emérita, wageni wako njiani! Iko mbali hiyo!" Nikamwambia: "Iko mbali kwa anayesimama chini. Hawa wako juu ya daraja na chuma mukononi." Akasema mbele ya wote: "Leta filimbi. Wewe si kapita tena." Nikaivua, nikamupa. Na nikashuka na watu wangu.

Akamupa Nestor.

Sikukuandikia, Papa, kwa sababu uliniambia hakuna wa ukoo wetu aliyewahi kufika fasi ile. Niliona haya kukuambia nilifika na kushushwa. Nilibeba mawe miezi miwili. Kubeba mawe si jambo la haya. Kunyamaza kwangu njo haya.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na tisa Septemba, tuko kwenye kilima kingine, ngurumo ikalia. Nestor akashika filimbi, akaangalia injeniere aliyekuwa hapohapo na karatasi zake, akasitasita. Mimi nikaweka jembe chini. Consolée akaweka lake. Kisha nikasikia majembe na mapiki yanalala chini moja moja mpaka mwisho, watu ishirini na watano. Nestor akacheka, akapiga filimbi kwa nguvu zote, akasema: "Injeniere, mimi nabeba tu hii filimbi. Mwenye nayo ni Emérita." Tukashuka. Tukachuchumaa bondeni, kila muntu mbali na mwenzake, mvua inatupiga.

Radi haikupiga kitu siku ile, Papa. Ninakuambia hilo makusudi. Ilinyesha tu, ikapita, tukarudi kazini tumelowa. Hakuna mutalimbo ulioruka kutupa haki. Stéphane angeweza kutucheka. Lakini alikuwa ameshuka na sisi, na viatu vyake vya mujini vimejaa matope, na nilipomutazama alikuwa anahesabu kwa vidole kati ya mwanga na mulio. Kesho yake akaja na kibao, akaniambia: "Niambie sheria yako, niiandike." Akaandika, akakipigilia kwenye nyumba ya vyombo. Kisha akanirudishia filimbi mbele ya wote, kama alivyoichukua. Sikumuomba. Muntu anayeweza kurudisha neno lake mbele ya watu, mimi namuheshimu.

Sasa jibu kwa Umugwaneza. Wasomee polepole.

Ngurumo ya kwanza ukiisikia, kazi imekwisha, hata jua likiwa bado linawaka upande wa pili. Shuka kutoka kilele. Usisimame chini ya muti hata kama unalowa, maji yanakauka. Uache chuma, na kwenu uache waya wa uzio, juu radi inatembea ndani ya waya mpaka kwa ng'ombe na kwa muntu. Kama nyumba ya matofali iko karibu, ingia, kaa katikati. Kama haiko, chuchumaa fasi ya chini, miguu pamoja, usilale, musishikane. Nyuma ya ngurumo ya mwisho, ngojea nusu saa. Na kama muntu amepigwa, mushike, radi haibaki ndani yake; kama hapumui, musukume kifuani kwa nguvu na haraka, musimwache upesi. Mama infirmière alitufundisha sisi wote, mutafute wa kwenu awafundishe.

Na ng'ombe, Papa, sijui. Barabara haina ng'ombe. Hilo wewe njo unalijua.

Emérita


Nyamitaba, tarehe 28 Desemba 2008

Kwa Emérita, kapita,

Noeli imepita tukiwa hai wote, hiyo peke yake ni habari. Mama Nyiramana anakutumia jibini, kama dereva hataila. Umugwaneza anakusalimia kwa jina lako.

Barua ilifika tarehe tisa. Nikawakusanya wachungaji kumi na mmoja mu nyumba ya maziwa, nikasoma polepole. Kabera, ambaye ana umri wangu, akasema: "Basi miaka yote tulikuwa tunakimbilia kwenye kifo." Nikamwambia ndiyo, na mimi nilikuwa mbele nikiwaonyesha njia.

Uliandika ng'ombe hujui. Tulifikiri siku mbili. Kisha tukafungua mulango wa chini wa uzio, tukaweka mawe ya kuonyesha njia mpaka kwenye bonde, mbali na mashamba, na kila mchana tukawashusha kwa wimbo mumoja na kuwapa chumvi kule chini. Juma la pili ilitosha Kabera kuimba akiwa amesimama kwenye mulango wa nyumba ya maziwa. Wanashuka wenyewe. Ningejua hivyo mwezi wa tano! Hakuna aliyenizuia kujua. Sikuuliza tu.

Patroni akafika tarehe ishirini. Alikuta wingu linakuja na sisi tunaingia ndani. Akasimama uani, akasema: "Nani yuko na ng'ombe wangu?" Nikamwambia: "Hakuna." Akasema: "Panda, Athanase." Miaka makumi mbili nimesikia neno hilo, na miaka makumi mbili nimelipitisha kwa wengine.

Nikasema: "Sipandi. Na simupandishi muntu."

"Nitatafuta wengine."

"Tafuta. Nyamitaba yote imekwisha kusomewa barua."

Akawatazama wale kumi na mmoja. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Umugwaneza alikuwa mulangoni, ameshika ndoo ya maziwa, juu sasa anafanya kazi na sisi. Akamwambia: "Patroni, mwezi wa sita uliuliza ng'ombe wangapi. Leo uliza watu wangapi." Ngurumo ikalia palepale, karibu. Patroni akaingia ndani haraka kuliko wote, akakaa katikati, hata hakuambiwa. Kabera akaimba. Tukaangalia dirishani: ng'ombe wanashuka mumoja nyuma ya mwengine mu mvua, mpaka bondeni.

Mvua ilipopungua Patroni akasema, "Basi, iwe hivyo," kisha akaniuliza, si kwa hasira: "Athanase, wewe hujawahi kunijibu hivi. Nani alikufundisha?"

Nikamwambia: "Kapita wa barabara ya Walikale."

"Ni nani huyo bwana?"

"Si bwana," nikasema. "Ni mwanamuke. Na mimi njo niliyemulea."

Athanase